Tumbo la Pacha Wangu

Machi 3, Jumapili

Mvua imeanza na Pacha ameletwa. Sijui kipi kati ya hivyo viwili kitaondoka kwanza.

Shemeji, mume wake, alimshusha mlangoni kama mzigo wa watu, injini ikiwa bado inanguruma. Mabegi, mto wake wa kulalia, na mfuko wa dawa, nyingi za tumbo. "Akae kidogo, abadilishe hewa," akamwambia Mama. Hewa gani? Madirisha ya nyumba hii hayafunguki vizuri tangu yapakwe rangi. Hata chai hakunywa. Alinipa mkono akasema, "Wewe ndiye unayemjua zaidi, shemeji."

Mimi nilimjua mtu mwingine. Niliyemjua alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kufika darasani kabla ya kengele, yule ambaye Mama humtaja kwa kila mgeni kabla mgeni hajakaa. Aliyeshushwa leo ana sura yangu, amevaa kandambili zisizofanana, na hakunisalimu.

Amewekwa chumbani kwangu, kwenye kitanda chake cha utotoni. Mama alimtandikia yeye mwenyewe, akiilaza shuka kwa viganja, polepole. Shuka niliyoifua mimi. Sikumbuki mara ya mwisho Mama kunitandikia mimi ilikuwa lini.

Machi 5, Jumanne

Kazini mashuka hayakauki. Kiwanda chetu cha udobi kinafulia hoteli na nyumba za wageni, na mvua zikianza kamba za nje zinakuwa pambo tu. Kila kitu kinapitia kwenye vikaushio, na vikaushio ni vizee, vinakohoa. Mimi na Mama Pasi tunalisha ile pasi kubwa ya roli. Yeye anashika pembe moja ya shuka, mimi nyingine, tunaisukuma kwenye roli za moto, inatoka upande wa pili imenyooka. Mama Pasi ana umri wa mama yangu na anaongea tangu tunapoingia hadi tunapotoka. Simsikilizi. Kazi hii inafanywa na mikono, kichwa kinabaki bila mwenyewe.

Machi 6

Pacha hakuoga.

Machi 7

Hakuoga. Mvua.

Machi 10, Jumapili

Jirani wa mkabala alikuja kumwona mgonjwa, yaani kumkagua. Alisimama mlangoni mwa chumba mikono kiunoni, akamtazama Pacha aliyegeukia ukuta, kisha akarudi sebuleni na kusema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi ndani: "Huyu haumwi, mama mwenzangu. Huyu amedekezwa. Mume anaye, kazi anayo, sasa analilia nini?"

Mama alikuwa anakunja ncha ya kitambaa cha meza. Mimi nilimmiminia jirani chai nyingine na kumwongezea sukari. Kuna mtu amesema ninachokiwaza, na sikulazimika kukisema mimi.

Machi 16, Jumamosi

Shemeji amekuja na matunda. Amekaa sebuleni anaangalia simu. Chumbani aliingia, akatoka kabla kiti hakijapata joto. "Amelala," akasema. Hakuwa amelala. Nilikuwa nimetoka kumlazimisha anywe supu, macho yalikuwa wazi kama sahani.

Mwanaume akishindwa kukaa na mkewe chumba kimoja, matunda ni ya kazi gani? Tumeyala mimi na Mama.

Machi 21, Alhamisi

Nimemwosha nywele kwa nguvu. Nilimvuta hadi bafuni, nikamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikammwagia maji ya uvuguvugu. Hakupigana. Afadhali angepigana.

"Usinisugue kama shuka," akasema.

"Shuka zinanishukuru zaidi yako."

Povu likawa linamshuka shingoni, na shingo imekonda, mifupa inahesabika. Nikamuuliza, kwa hasira, siyo kwa huruma, "Hivi unasikiaje? Niambie basi, mimi nijue ninachokitumikia."

Alifikiri sana. Zamani alikuwa hivyo pia, ukimwuliza kitu hakujibu ovyo. "Ni kama kichwa kimejazwa pamba iliyolowa," akasema. "Na tumbo halinyamazi. Nikila linawaka, nisipokula linawaka. Nachoka hata kumeza."

"Mimi pia nachoka."

"Najua," akasema.

Lile "najua" limeniudhi jioni yote. Anajua nini?

Machi 27, Jumatano

Leo nimechukua ruhusa ya nusu siku kumpeleka hospitali, Mama naye akataka kuja. Naandika kirefu kwa sababu leo nyumba yetu imepata jina jipya la ugonjwa, na Mama amelala akitabasamu.

Daktari wa tumbo alipapasa, akasoma majibu ya vipimo vya zamani, akasema vidonda hakuna, akatuelekeza mwisho wa korido kwenye kitengo cha utafiti. Huko tukamkuta daktari kijana, mwanamke, amechomeka kalamu kwenye nywele na anaitafuta kalamu hiyo hiyo mifukoni. Nimempa jina la Dokta Kalamu.

Akataka kusikia tangu mwanzo. Pacha hakufungua mdomo, nikaeleza mimi. Mwaka jana alikula kitu kibaya kwenye semina ya walimu, akahara damu, akalazwa. Akapewa antibiotiki, haikufaa, akapewa nyingine, na nyingine tena. Damu ikakata. Lakini tumbo halikutulia tangu siku ile, na miezi michache baadaye akiwa ubaoni, katikati ya hesabu, akaacha kuandika, akakaa chini sakafuni mbele ya wanafunzi. Tangu hapo hajasimama, ukiondoa kwenda chooni.

Dokta Kalamu akamgeukia Mama.

"Mama, ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wasiohesabika. Wengi wao si maadui. Wanatusaidia kusaga chakula, wanatengeneza vitu mwili unavyovihitaji, wanaulinda ukuta wa utumbo. Zile dawa zilimwokoa binti yako, ila dawa haziulizi nani mwema nani mbaya. Zinafyeka wote."

"Sasa kichwa kinaingiaje hapo?" Mama akauliza.

"Inawezekana ukuta wa utumbo umedhoofika. Vitu vya kubaki ndani vinapenya kwenye damu. Kinga ya mwili inaona wageni, inapiga king'ora. Habari hizo zinafika kichwani kwa njia ya damu, na kwa mshipa wa fahamu unaotoka huku chini hadi juu. Ubongo nao una walinzi wake. Wakisikia king'ora kila siku hawapumziki, na hapo panatokea uvimbe..."

"Uvimbe kwenye ubongo!" Mama akashika kifua.

"Siyo wa kupasuliwa, mama. Koo likiuma si panawaka, panavimba kidogo? Huu ni mdogo kuliko huo, hata picha za kawaida haziuoneshi. Lakini mwenyewe anausikia. Wewe ukishikwa na homa kali unataka nini? Unataka kulala, hutaki watu, chakula hakina ladha. Sasa chukulia hali hiyo imekuja na haiondoki."

Pacha akainua kichwa. "Ndiyo," akasema. Neno moja tu, lakini alilisema kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Lakini siwadanganyi," Dokta akaendelea. "Hii ni njia moja, na ni kwa baadhi ya wagonjwa. Mara nyingine hatujui kipi kilitangulia, tumbo au huzuni. Kwa jina la kitaalamu anachoumwa ni sonona, na zile dawa za sonona zilizomo kwenye mfuko wake aendelee nazo. Huu wetu ni utafiti."

Mama hayo ya mwisho hakuyasikia. Mama alisikia tumbo.

Kisha Dokta akanitazama mimi, akamtazama Pacha. "Mnafanana?"

"Tulifanana," nikasema.

Akaeleza. Wanatafuta watu wenye afya wa kutoa kinyesi. Kinachujwa, kinakaushwa, kinatiwa kwenye vidonge, mgonjwa anameza, bakteria wazima wanahamia. Pacha wa kufanana, mmoja mgonjwa na mmoja mzima, ni bahati kubwa kwa utafiti wao.

"Ameze mavi ya mwenzake?" Mama akauliza.

"Hayanuki, mama. Yamo ndani ya kidonge."

Pacha alitoa sauti puani. Sijui kama kilikuwa kicheko. Mimi nilikuwa nawaza kwamba nimemwosha, nimemlisha, nimempa chumba, na sasa kimebaki kitu kimoja tu mwilini mwangu ambacho hajakichukua, nacho kimeombwa. Nikasema sawa.

Njiani Mama aliendelea kurudia, "Kwa hiyo ni tumbo. Kumbe ni tumbo tu." Alikuwa amenyoosha mgongo kama aliyetuliwa gunia. Jana alikuwa na mtoto asiyeelezeka. Leo ana mtoto mwenye bakteria.

Machi 31, Jumapili

Jirani amekuja. "Ni tumbo," Mama akamwambia kabla hajavua viatu. "Limepandisha kichwani."

"Ndiyo maana!" jirani akasema. "Mimi nilimwangalia tu nikajua huyu ana tumbo."

Aprili 4

Mvua usiku na mchana. Kikaushio kimoja kimekufa.

Aprili 8, Jumatatu

Wamenipa chombo chenye mfuniko, na maelekezo. Nimekibeba kwenye mfuko wa mkate, nikapita nacho kwa mlinzi wa getini akaniuliza, "Leo umetuletea nini, dada?" Nikamwambia, "Mambo mazuri."

Aprili 12, Ijumaa

Majibu ya kwanza. Hakuna minyoo, hakuna vijidudu wabaya, na bakteria wa kila aina wanaotakiwa. Dokta Kalamu alifurahi kama ameokota kitu. "Tumbo lako ni la kupigiwa mfano," akasema.

Miaka yote ya shule Pacha alinipita. Leo kwa mara ya kwanza nimemshinda kwenye mtihani. Nilipomwambia akasema, "Hongera," na akamaanisha. Nikakosa raha.

Aprili 13

Shemeji. Matunda. Simu.

Aprili 15

Nilikuwa nimekaa kitandani kabla hakujapambazuka, nasikia maji kwenye mifereji ya bati. Pacha naye alikuwa macho. Hatukusemeshana.

Aprili 18, Alhamisi

Nimeungua vidole kidogo kwenye roli. Mama Pasi alipiga kelele kupita kiasi, akavuta kamba ya kusimamisha mashine, kazi ya kiwanda kizima ikalala. Msimamizi amenikasirikia. Mama Pasi hakuongea tena hadi jioni, na hilo halijawahi kutokea.

Aprili 20

Mama ameninunulia mtindi. Anataka nile vizuri. "Usije ukaharibu," akasema.

Aprili 24, Jumatano

Nilikwenda peke yangu kwa mahojiano ya mwisho. Nilidhani ni ya kutia sahihi.

Dokta Kalamu akasema damu ni safi, kila kitu ni safi. Kisha akaona bandeji.

"Mkono umefanya nini?"

"Pasi ya kazini."

"Ilikuwaje?"

"Shuka ilikuwa inaingia, mkono ukaifuata."

"Hukuuvuta?"

"Nilikuwa nauangalia."

Akaweka kalamu mezani. "Ulikuwa unawaza nini wakati unauangalia?"

"Kwamba nikiungua nitapewa mapumziko."

"Na kama ungeingia wote?"

"Ningepewa mapumziko marefu zaidi." Nikacheka. Yeye hakucheka, na kicheko changu kikabaki mle chumbani bila mtu wa kukipokea.

Akaniuliza kama nalala. Nikamwambia naamka alfajiri, macho yanafunguka yenyewe, kitu kinanikalia kifuani, nasubiri kuche nikafanye kazi. Tangu lini? Nikasema tangu Baba alipofariki. Akaniuliza Baba alifariki lini. Nikamwambia tulikuwa wasichana, Pacha ndiyo kwanza ameingia chuo cha ualimu, na mimi nikabaki na Mama kwa sababu mmoja lazima abaki.

"Hiyo ni karibu nusu ya maisha yako," akasema.

"Watu wengi huamka alfajiri."

"Kitu gani kilikufurahisha mara ya mwisho?"

Nikatafuta. Nilitafuta kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayepekua mkoba. Nilichokipata ni ile siku jirani aliposema Pacha amedekezwa. Sikumwambia.

"Dokta, mimi siumwi," nikasema. "Mimi nafanya kazi."

"Wengi wenye sonona wanafanya kazi."

"Na tumbo langu ni la kupigiwa mfano. Umesema mwenyewe."

"Ni kweli. Lakini sonona haina mlango mmoja. Kwa dada yako huenda imepitia tumboni. Kwako imepitia pengine, na imekaa muda mrefu." Akavuta pumzi. "Siwezi kuchukua cha kwako. Mtoaji lazima awe mzima kote, na kichwa kimo. Kuna watafiti waliowapa panya bakteria wa watu wenye sonona, na panya wakabadilika, wakazubaa. Hatujui vizuri ni nini kinachohama. Siwezi kumwongezea dada yako mzigo."

Nimefua mashuka ya wageni nusu ya maisha yangu, madoa ya kila aina, sijawahi kuambiwa kitu kimeshindikana kutakata. Leo hata mavi yangu yamekataliwa.

Alinishika mkono ule mzima, akanipeleka mwenyewe hadi kwa daktari wa akili, ghorofa ya juu, akasimama nami kwenye foleni. Sikutaka. Lakini sikuuvuta mkono.

Aprili 25, Alhamisi

Sikuimaliza ya jana.

Nilimwambia Mama sebuleni. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia.

"Wamekukataa? Kwa nini?"

"Wanasema nina sonona."

"Wewe?" Akaweka sinia chini. "Wewe unaumwa nini? Si unaamka, si unakwenda kazini? Uliwaambia nini hao?"

"Waliniuliza nikawajibu."

"Ungejibu vingine! Dada yako anakufa mle ndani, dawa yake imo tumboni mwako, halafu unakwenda kuwaeleza huzuni zako? Sasa hivi? Ulikosa siku nyingine ya kuwa na huzuni?"

Mchele ulikuwa umemwagika kidogo sakafuni, nikapiga magoti kuuokota. Ndicho ninachokifanya mimi kitu kikimwagika.

"Mama, mwache."

Pacha alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, ameshikilia fremu kwa mikono miwili. Sikuwa nimemwona amesimama hapo tangu aletwe.

"Wewe rudi ukalale," Mama akasema, sauti imelainika ghafla.

"Mwache, Mama. Anaumwa. Alikuwa anaumwa tangu kwenye msiba wa Baba. Mimi niliondoka, wewe ukamwachia nyumba, kila mtu akaona anaweza." Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. "Hakuna aliyemwuliza."

Mama akachukua sinia, akaingia jikoni, akafunga mlango. Mlango wa jikoni kwetu huwa haufungwi.

Pacha akaja akakaa sakafuni karibu nami, tukaokota mchele. Anaokota polepole sana, punje punje.

"Nilikuwa nakusikia alfajiri ukikaa kitandani," akasema. "Nilidhani ni kwa sababu unanichukia."

"Nilikuwa nakuchukia."

"Najua. Lakini mtu haamki alfajiri miaka yote hiyo kwa ajili ya chuki ya juzi."

Nikamtazama. Nywele nilizomwosha zilikuwa zimesokotana tena. Wiki hizi zote nimekuwa nikimhudumia kama adhabu, na yeye akiwa na pamba yake kichwani, na tumbo lake linalowaka, alikuwa ndiye mtu pekee katika nyumba hii aliyenisikia. Nililia. Siyo kulia kwa kuandikika.

Aprili 28

Mama hajanisemesha. Mtindi uliobaki amempa Pacha.

Mei 3, Ijumaa

Vidonge vyangu vimeanza. Kimoja asubuhi. Mdomo unakauka, kichwa kinapepea. Daktari wa akili, mzee mwenye sauti ndogo, ameniambia nisitegemee kitu kwa wiki kadhaa. Nikamwambia hilo naliweza, kutotegemea kitu ndiyo fani yangu.

Mama Pasi ameomba nihamie upande wa pili wa roli, shuka zinakotokea. Sasa kamba ya kusimamisha mashine iko kwake, na mimi nakunja. "Mwanangu, siku ile ulinitisha," akasema. "Ulikuwa unatabasamu." Sikujua hilo. Sasa namsikiliza anapoongea. Mengi ni upuuzi. Namsikiliza.

Mei 7

Pacha amepata vidonge vya mtoaji mwingine, mtu asiyejulikana. Dokta Kalamu ametueleza tena: katika utafiti wapo wanaopewa vyenye bakteria na wapo wanaopewa vitupu, na hakuna anayejua, hata yeye, mpaka utafiti uishe. Mama amesema bila shaka vya Pacha ni vya kweli. "Wataanzaje kumpa mwalimu vitupu?"

Mei 11

Mvua. Kichefuchefu.

Mei 19, Jumapili

Pacha ameoga mwenyewe. Ameomba mkate mwingine. Anasema tumbo limenyamaza kwa mara ya kwanza, na anaogopa kulisemea sana lisije likasikia.

Mama amewapigia simu ndugu wote.

Mei 20

Hakuna aliyepiga simu kuuliza habari zangu. Na nani awaambie?

Mei 26, Jumapili

Pacha alitembea nami hadi dukani. Pamba imepungua, haijaisha, anasema sasa ni pamba kavu. Nikamwuliza anadhani ni vile vidonge. "Inawezekana," akasema. "Au ni zile dawa nyingine zimekolea. Au ni wewe kunisugua. Hesabu yenye vitu vingi visivyojulikana haitatuliwi kwa mstari mmoja." Ndiye yeye, mwalimu, amerudi. Nikamfurahia, kisha nikamwonea wivu, vyote kabla hatujafika kona.

Juni 1, Jumamosi

Shemeji amekuja, mara hii bila matunda. Amekuja kumchukua.

Alinivuta pembeni, kwenye ukuta wa nje. Amenyoa, amevaa shati la kazini ingawa ni Jumamosi. "Shemeji, daktari amethibitisha ni tumbo tu, si ndiyo? Kwamba si... si kile kingine?"

Zamani ningemjibu jibu la kumuunguza. Lakini nilimwona anavyouangalia mlango wetu bila kuukaribia. Nilidhani muda wote alikuwa hamtaki mkewe. Kumbe alikuwa anamwogopa, kama mtoto anavyoogopa chumba chenye giza, na matunda yale alikuwa anayatanguliza mbele yake. Hilo halinifanyi nimpende. Mimi pia nilikuwa naogopa, na nililala chumba kile kile.

Kabla sijajibu Pacha akatokea na begi. "Ni tumbo," akamwambia. Akanitazama mimi huku akisema hivyo.

Tulikumbatiana pale ngazini. "Utakula vidonge vyako," akaninong'oneza.

"Na wewe utasema ukweli?"

"Nikisema ukweli hawanipi darasa."

Gari likaondoka. Mama akapunga mkono mpaka likapotea.

Juni 9, Jumapili

Pacha amepiga simu. Amerudishiwa darasa. Mkuu wa shule amewaambia walimu alikuwa na matatizo ya tumbo, wote wamempa pole, mmoja amempa na dawa ya minyoo. Tulicheka sana. Baada ya kukata simu nilikaa muda mrefu naisikiliza nyumba.

Nimelala hadi saa ya kuamka wiki hii nzima. Nalitaja kwa sababu ni kweli.

Juni 16, Jumapili

Siku ya pili bila mvua. Ukuta umeanza kukauka kuanzia juu.

Mama ana tabia mpya. Mgeni akibisha hodi, kabla ya kwenda mlangoni anapita mezani, anachukua pakiti ya vidonge vyangu, anaitia kwenye droo ya vijiko. Nimemwona akifanya hivyo wiki yote. Hatulizungumzii. Kwa majirani Pacha alikuwa na tumbo, amepona, Mungu ashukuriwe. Mimi nimechoka na kazi.

Leo jirani wa mkabala aligonga, Mama akaficha. Nilikuwa sijameza cha leo. Nikanyanyuka, nikafungua droo, nikatoa pakiti, nikakaa mezani, nikameza kimoja kwa chai mbele ya mgeni.

"Pole," jirani akasema. "Za nini hizo?"

"Za tumbo," Mama akajibu haraka. "Si unajua ni pacha? Limemwanza na huyu."

"Tumbo langu halina neno," nikasema. "Hizi ni za sonona. Ni huzuni isiyoondoka. Ninayo tangu Baba alipofariki."

Mama alinitazama kana kwamba nimevua nguo. Kisha akasema maji yanachemka, na hayakuwa yanachemka, akaingia jikoni.

Nikamsubiri jirani aniambie nimedekezwa. Nilikuwa na jibu tayari, nimelipika tangu Machi. Alikuwa anazungusha kijiko kwenye kikombe ambacho sukari yake ilikwisha kuyeyuka. Akaangalia mlango wa jikoni. Akaniinamia, nikasikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye kanga yake.

"Zinasaidia?" akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Kidogo," nikasema. "Nalala."

"Unalala," akarudia. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, na mimi miaka yote nilidhani ni ya kuchungulia mambo ya watu. "Huyo daktari, yuko hapo hapo hospitali? Ghorofa gani?"

Nikamwambia. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, midomo ikirudia nilichosema ili asikisahau, Mama akarudi na birika. Jirani akajinyoosha kitini, akavuta kikombe.

"Nilikuwa namwambia binti yako," akasema kwa sauti yake ya siku zote, ile inayofika hadi barabarani, "matumbo yamezidi siku hizi. Hata mimi langu linanisumbua."

"Tumbo ni kitu kibaya," Mama akasema, akamimina chai.

Wakanitazama wote wawili, mmoja akiniomba ninyamaze, na mwingine pia.

"Kibaya sana," nikasema.

Tukanywa chai, watu wazima watatu, tukaongea habari za matumbo mpaka jua likageuka.